Korongo Nililolifuta

Miaka ishirini na sita nimechora ramani za mlima huu, na mguu wangu haujafika kileleni hata mara moja. Msicheke. Mchoraji wa ofisi ya ardhi kazi yake ni meza, taa na wino. Wanaopanda ni wapimaji, nao huniletea namba.

Mlima wenyewe umekaa kwenye rasi, bahari pande tatu. Mashariki ni mwamba mtupu. Magharibi ni udongo laini, na katikati yake linashuka korongo mpaka ufukweni. Mdomoni mwa korongo ndipo alipojenga dada yangu.

Mwaka juzi ikaamuliwa waliomo korongoni wahamishwe wote, udongo usije ukawafukia. Dada akaja kwangu analia: nyumba ile ni jasho la marehemu mumewe, na mwenye kalamu ni mimi, ndugu yake wa pekee. Damu nzito kuliko maji. Kwenye ramani, mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ikijikunja kama kiwiko, hapo pana korongo. Ikinyooka, ni mteremko wa kawaida. Nikanyoosha mitatu, ya chini kabisa. Mkubwa wangu akapiga muhuri bila hata kuvaa miwani. Majirani wa juu wakahamishwa, dada akabaki, akiamini kweli hayumo korongoni.

Jumatatu mpimaji alirudi na tope mpaka magotini. Ardhi juu ya korongo imepasuka, alisema, ufa unameza mkono mpaka begani. Mvua ya siku mbili mfululizo itaushusha upande mzima. Inanyesha tangu jana asubuhi.

Leo nimekuja kwa dada na kumwambia yote. Alinisikiliza huku anakunja nguo, kisha akanionyesha ukutani. Ramani yangu, ameitia fremu kama picha ya harusi.

"Sahihi yako hiyo. Nani kakutuma unitoe?"

Nikamwapia kwa kaburi la mama kwamba siku ile nilidanganya.

"Basi mwongo wa siku ile ndiye huyu huyu wa leo," akasema.

Nikapiga simu ofisini walete gari na askari, wamtoe hata kwa nguvu. Mkubwa akafungua ramani, akasema nyumba hiyo haimo korongoni. Nikamweleza nilichofanya. Akakumbuka muhuri wake, akakata simu.

Naogopa, sitaki kudanganya tena. Lakini nimwache vipi? Nimekaa. Dada anachemsha chai, ananigombeza kwa kuloanisha mkeka wake. Nyuma ya jiko maji yamekwisha kuanza kupita, pale pale ambapo kwenye ramani yangu hapana kitu.