Udongo wa Uani kwa Mama

Kila asubuhi, kabla ya kupima mawe ya mgodi, mpimaji alianza na mchanga usio na madini, ili ahakikishe mashine haidanganyi. Kwa miaka sita mchanga huo aliuchota uani kwa mama yake. Mashine ikisoma sifuri, kazi inaanza.

Siku ile mchanga ulikuwa umekwisha, akamwagiza kaka yake. Mashine ikasoma kumi na tisa kwa mia.

"Mashine yako imelewa, dada."

"Mashine hainywi. Umechota wapi?"

"Kwenye lundo la kisima ninachomchimbia mama uani. Udongo si udongo tu?"

Akaisafisha mashine, akarudia mara tatu. Jibu halikubadilika. Ilikuwa kinywe, madini meusi ya kutengenezea betri za magari ya umeme.

Kaka aliacha kucheka. "Mwaga. Nani ataona?"

Kanuni iliruhusu kumwaga udongo uliochafuliwa, lakini huu haukuchafuliwa. Akaandika kipimo. Palipoulizwa umetoka wapi, akaandika ukweli.

Mwezi uleule, taifa kubwa lililokuwa likiiuzia dunia kinywe lilifunga mlango, likaacha kukiuza. Taifa hasimu wake, lililoapa kuachana na petroli, likaanza kukitafuta kwingine kwa udi na uvumba. Karatasi ya mpimaji ikasomwa katika ofisi asizozijua. Wiki ya tano vigingi vyekundu vilisimama uani, kimoja ubavuni mwa kaburi la baba.

Mama alikuwa akikunja mashuka wanawe walipomkuta.

"Wanasema wanasafisha hewa," alisema. "Moshi wao, kuhama nihame mimi?"

"Fidia watatoa, mama," kaka akasema.

"Sikuuliza fidia, mwanangu. Hao wanaogombana, hata mmoja sijapata kumkosea. Nani kawaambia hapa kuna kitu?"

Kaka akajitia kukaza kamba ya godoro.

"Mimi," mpimaji akasema.

"Ulijua ni kwangu?"

"Nilijua. Kipimo kilikuwa sahihi."

Mama alilinganisha pembe za shuka, akalipiga kofi likanyooka. "Sijasema ulikosea."

Alihamia kwa kaka. Baba naye alihamishwa, ndani ya sanduku fupi kuliko alilozikiwa. Siku hizi binti akienda kumtembelea, mama huinuka, humpangusia kiti cha wageni, humletea maji juu ya sinia, kisha huketi mbali kidogo na kumwuliza habari za kazi.