Amechangamka

Melania alifundisha kwaya ya kanisa pale Bugarama, na akiimba hakutulia. Aliruka, alipiga vigelegele, aliwavuta mkono hata wazee wenye magongo wakajikuta wanacheza. Watu walimwita mchangamfu, naye alilipenda neno hilo.

Onesmo, katibu wa kwaya, alitaka kufundisha yeye. Baada ya ibada ya mavuno, wazee wa baraza la kanisa walimuuliza kwa nini mwalimu wao aliruka vile. Onesmo akatabasamu, akainamisha macho.

"Wazee wangu, niseme nini? Siku hizi Melania anakuja amechangamka."

Kwa wachimbaji wa Bugarama, aliyechangamka ni yule aliyekwisha kuzimaliza chupa mbili tatu. Wazee walielewa hivyo, na Onesmo alijua wataelewa hivyo. Jumapili iliyofuata alisimama yeye mbele ya kwaya.

Melania hakuwahi kuonja pombe. Habari ikafika hadi kwao Ushetu, na mama yake akampigia simu. "Ng'wanawane," alisema kwa sauti ndogo, "mwanangu, umeanza kunywa?" Melania alilia.

Alimfuata Onesmo kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, alikofanya kazi.

"Umewaambia wazee nakunywa?"

"Nani? Mimi nilisema umechangamka. Fungua kamusi, dada. Kuna tusi hapo?" Wenzake wakacheka. Mashine ikaendelea kunguruma.

Melania akarudi kwenye cherehani yake. Hakugombana na mtu. Alishona, akangoja.

Mwaka haujaisha, Onesmo akapeleka posa Buseresere kwa binti aitwaye Ghati. Baba yake Ghati, mzee Magesa, alikuwa amemzika mwanawe wa kwanza kwa sababu ya gongo. Kabla ya kujibu posa alikuja Bugarama mwenyewe kumpeleleza mkwe, na watu wakamwelekeza kwa Melania, aliyeimba na Onesmo miaka mingi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu Onesmo yukoje?"

Melania alimwandalia chai kwanza. "Ni mchapakazi, baba. Ana sauti nzuri." Akatabasamu, akainamisha macho. "Na huchangamka. Hasa jioni, wakitoka kazini."

Mzee aliweka kikombe chini. Chai hakuimaliza. Posa ilirudishwa wiki hiyohiyo.

Onesmo alifika mlangoni kwa Melania macho mekundu.

"Ulimwambia nini yule mzee?"

"Nilimwambia unachangamka. Fungua kamusi."

Akapiga magoti palepale barazani, majirani wakitazama. "Melania, nampenda Ghati. Nenda ukamwambie ukweli."

"Utaanza wewe. Mbele ya baraza."

Jumapili, baada ya ibada, Onesmo alisimama mbele ya wazee, jasho likimtiririka, akasema alichokuwa amekusudia kwa neno lile. Wazee walimwomba Melania msamaha na kumrudishia kwaya. Aliipokea bila kutabasamu.

Kesho yake alipanda basi kwenda Buseresere. Alimweleza mzee Magesa kila kitu: kwamba Onesmo hanywi, kwamba yeye Melania alimsingizia makusudi, na kwa nini. Ghati alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

"Basi hanywi," mzee alisema, akashusha pumzi. "Umenikosea, binti, lakini afadhali umekuja. Ghati, mwenzako hana kosa. Tumwite?"

"Ana kosa, baba," Ghati akajibu. "Alimvunjia mtu heshima huku anacheka, akapata alichotaka. Akinichoka mimi atanisema vipi? Simtaki."

Melania angeweza kumtetea. Maneno yalimjia mdomoni kabisa: kwamba aliungama, kwamba alipiga magoti. Akayameza, akaaga.

Onesmo alikuwa akimsubiri stendi ya Bugarama, amevaa shati jipya.

"Vipi? Umewaambia?"

"Nimewaambia yote. Mzee amekubali. Ghati amekataa."

"Amekataa? Baada ya kujua sinywi?"

"Baada ya kujua ulichonifanyia."

Onesmo alikaa kwenye mawe kando ya barabara, akafunika uso. Malori ya mchanga yalipita, vumbi likamjaa kwenye shati. Melania alisimama akimtazama. Akangoja huruma imjie. Haikuja. Akafunga khanga vizuri, akaenda mazoezini, kwa kuwa kwaya ilikuwa imeshakusanyika.