Farasi Aliyerudi Mzima

Subhanji Jagdale alirudi kutoka vita vya Khadki, kule India, Wamaratha walipopigana na Waingereza, na farasi wake mzima. Mdogo wake Rayaji hakurudi. Kijiji kizima kilijua kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Wapanda farasi wengi wa Kimaratha walikwenda vitani na farasi wao wenyewe. Mtu alilipwa kwa sababu ana farasi. Farasi akiuawa, hakuna wa kukupa mwingine. Unabaki wa miguu, na posho imekwisha. Rayaji alipanda farasi wa mkuu wa kikosi, kwa hiyo hakuwa na cha kuchunga ila roho yake. Amri ya kuwavamia Waingereza ilipotoka, alikwenda. Mbele ya safu yao kulikuwa na tope lililofunikwa na majani. Farasi wakazama hadi tumboni, bunduki zikaanza. Subhanji akavuta hatamu. Mamia walivuta hatamu.

"Alikuita?" Saguna, mjane wa Rayaji, alimuuliza kisimani, mbele za watu.

"Aliniita."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Shemeji, yule farasi analisha watu tisa..."

"Basi mwambie yeye amlilie nduguyo."

Subhanji akapandisha sauti. "Unanilaumu mimi? Mwingereza farasi wake akifa, Kampuni yao ya biashara, yenye jeshi lake, inampa mwingine. Wakuu wetu wanatupa nini? Pole! Na nusu yao walishaandikiana barua na Waingereza kabla baruti haijanuka!"

"Hayo ungemwambia Rayaji, tope lilipomfika kifuani."

Subhanji akaondoka kisimani.

Peshwa, mtawala wa Wamaratha, akaukimbia mji wake wa Pune, bendera ya Kiingereza ikapandishwa juu ya jumba lake. Kufika kiangazi, mkuu wa kikosi alikwishatia saini mkataba na Waingereza. Yeye aliachiwa vijiji vyake. Wapanda farasi wake waliambiwa waende makwao. Subhanji akampeleka farasi kambini kwa Waingereza, labda wangemwajiri pamoja na farasi wake. Ofisa akampima farasi kimo kwa fimbo.

"Mfupi," mkalimani akasema.

"Mfupi? Huyu anapanda milima ambayo hao wenu hawapandi hata kwa kuvutwa na kamba!"

"Pungufu ya vidole vinne, kaka. Vingekuwa viwili ningekusemea. Nenda kwa yule mwenye tanuri la chokaa, anatafuta mnyama wa mkokoteni."

Alikwenda, akauza. Kwa chokaa ile zilijengwa nyumba za askari wa Kiingereza. Mvua hazijaisha, farasi akaanguka akivuta mkokoteni wenye mzigo, asiinuke.

Nchi ilikwenda. Rayaji alikwenda, miaka ishirini na minne. Farasi yule jike, miaka saba. Posho ya watu tisa. Saguna akarudi kwao na wanawe wawili. Wakimwona baba yao mkubwa sokoni, hawamwamkii.