Bunduki Nyuma ya Kiti

Jumatatu, tarehe 9 Desemba 2019. Asubuhi sakitu ilikuwa imeganda juu ya nyasi, na milima haikuonekana kwa ukungu. Nilikwangua kioo cha pikapu, nikaketi ndani, nikaomba kabla ya kwenda mahakamani. Nilimwombea hata Dwight Mabry, ingawa meno yangu yalikuwa yameumana.

Dwight ni askari wa kaunti. Alipokuwa mdogo nilimfundisha zaburi kanisani. Mwezi uliopita, siku moja kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, nilishinda malishoni nikipiga shabaha, kuhakikisha bunduki aliyoniachia baba inalenga sawasawa. Huku kwetu kila mwindaji hufanya hivyo siku hiyo. Jioni nikaitundika nyuma ya kiti cha pikapu, mahali pake pa siku zote, nikaenda darasani. Nina miaka sitini na moja na natafuta cheti cha sekondari. Darasa letu la watu wazima hukutana katika shule ya kaunti. Sikukumbuka kabisa kwamba bunduki hairuhusiwi kuvuka lango la shule, hata saa ambayo watoto wote wako kwao.

Tulipotoka, Dwight alikuwa ameshafungua mlango wa pikapu, bunduki ya baba iko mikononi mwake.

“Nani kakuruhusu kuingia humo?” nilimuuliza.

“Mlango haukufungwa, mzee.”

“Hata wa kanisa haufungwi. Utaingia uchukue sadaka?”

Wenzangu wakacheka. Dwight hakucheka. Alinitia pingu mbele yao na mbele ya mwalimu wetu, Bi. Ogle, kama mwizi wa ng'ombe.

Leo mwendesha mashtaka, Bi. Pruitt, alitusubiri mimi na mke wangu kwenye ukumbi nje ya chumba cha mahakama. Dwight alisimama kando yake.

“Kosa hili ni la jela, Bwana Stidham,” Bi. Pruitt alisema. “Lakini mimi si mkatili. Lete bunduki zako zote, utie sahihi kwamba hutamiliki nyingine maisha yako yote, na kesi naifuta leo hii.”

“Iliyokuwa shuleni ni moja. Zilizo nyumbani zimemkosea nani?”

“Hayo ndiyo masharti.”

“Askari wako alipekua gari langu bila hati ya hakimu. Katiba inasema—”

“Katiba!” Akamgeukia Dwight. “Kasoma jioni mbili tatu, keshakuwa wakili.”

“Mwache, mama,” Dwight alisema. “Mwakani atagombea urais.”

Nilimwomba Mungu anifunge mdomo. Nadhani alikuwa na shughuli nyingine.

“Nilikufundisha zaburi, Dwight,” nikasema. “Hata ile fupi kuliko zote ilikushinda.”

Mke wangu, Oleta, akanivuta kando kwa nguvu.

“Tia sahihi, Verlin. Baba yako yuko kaburini, hahitaji bunduki.”

“Na nyama ya majira haya ya baridi?”

“Tutakula maharage. Nimechoka na shingo yako ngumu. Ukifungwa, nani atapasua kuni? Katiba?”

Maneno hayo yaliniuma kuliko pingu, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Lakini Katiba nilikuwa nimeisoma darasani polepole, kidole kikifuata mstari, na nikaelewa kwamba maneno yale yaliandikwa kuibana serikali, si kunibana mimi. Haki ya kuwa na silaha. Haki ya kutopekuliwa ovyo. Haki ya kuhukumiwa na raia wenzangu. Nikiiachia moja kwa woga, nitaishikaje nyingine?

Tukaitwa ndani. Bi. Ogle na darasa zima walikuwa wamejaza benchi la nyuma.

“Bwana Stidham,” hakimu aliuliza, “mmekubaliana?”

“Hapana, mheshimiwa. Nataka raia kumi na wawili wa kaunti hii wanihukumu.”

Bi. Pruitt alitupa kalamu mezani. “Atajuta huyu.”

“Unaelewa kwamba unaweza kufungwa?” hakimu akaniuliza.

“Naelewa.”

“Mpumbavu,” Oleta alinong'ona, na chumba kizima kikasikia. Hata hivyo hakuondoka. Alisogea akaketi kiti cha mbele, nyuma yangu kabisa.

Nikainua mkono wa kulia, ingawa hakuna aliyeniapisha.

“Mbele ya Mungu, mbele ya mke wangu na darasa letu lote pale nyuma, naahidi hivi. Raia hao wakisema nina hatia, nitazileta bunduki zangu mwenyewe, mchana kweupe, niziweke juu ya meza hii. Mpaka watakaposema, Dwight, hutagusa hata risasi moja ndani ya nyumba yangu.”