Malizia na Maua

Jumatatu asubuhi Honi alifungua mfuniko wa pampu ya gari kuukuu la zimamoto. Mfuniko ulikuwa na nati kumi na mbili. Tisa zilitoka kwa spana bila ubishi, mbili zilikuwa zimeliwa vichwa akazitoa kwa patasi, na ya mwisho akaikata kwa msumeno wa chuma huku akiitukana kwa sauti ya chini, kama mtu anayezozana na shemeji yake. Ndani alikuta kutu, mchanga, na kiota cha panya aliyehama zamani. Alivipanga vyote juu ya gazeti, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaanza kupima shafti.

Gari lilikuwa limekaa nyuma ya kituo miaka ishirini na miwili, matairi yamezama ardhini, ngazi ya mbao imechipua uyoga. Sasa kikosi kilikuwa kinatimiza miaka mia, na Kamanda alitaka liongoze maandamano likiwa linang'aa. Mafundi watatu waliletwa kulitazama. Wote walizunguka mara mbili, wakapigapiga bodi kwa vidole, wakaaga. Mtu pekee aliyejua kwamba gia yake ya pili haiingii mpaka ukanyage klachi mara mbili alikuwa Honi, dereva wake wa mwisho. Kamanda akamwita mwenyewe ofisini.

"Mzee, yale ya zamani tulishayafunga," alimwambia akimsogezea kiti. "Mimi sina kinyongo na wewe."

Honi alisema asante. Alikuwa amekaa gerezani miaka mitano kwa kosa la kupeleka gari tupu kwenye moto. Kiwanda cha kushona nguo kilikuwa kimewaka mchana, madirisha ya ghorofa ya pili yakiwa na nondo, na mlango wa ngazi ukiwa na kufuli ili wanawake wasitoke kabla ya saa. Gari lilifika, mpira wa maji ukafunguliwa, ukakohoa, ukatoa matone. Walikufa wanawake kumi na saba. Mmoja wao alikuwa mke wa Honi.

Mahakamani alisema tangi lilikuwa limejaa asubuhi, na kwamba mchana aliamriwa akamwagilie nyasi za bosi wake, aliyekuwa anategemea wageni. Bosi wake ndiye huyu Kamanda wa sasa. Daftari la safari likaletwa. Ukurasa wa siku ile haukuwepo. Hakimu akauliza kama kuna mwingine aliyeziona hizo nyasi zikimwagiliwa, na hakuna aliyeinua mkono.

Kazi ilichukua miezi saba. Honi alishusha injini, akasaga valvu, akachonga gasketi kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu, akabadilisha kamba za kuzuia maji kwenye shafti ya pampu. Alilala na kuamka na gari lile. Ilipofika zamu ya rangi, kituo kikatafuta mtu wa kuandika herufi za dhahabu milangoni, na mwandishi wa mabango aliyepatikana alikuwa binti yake.

Watu walimwita Brashi. Mama yake alipokufa alikuwa na miaka sita. Alilelewa na mama yake mdogo, katika nyumba ambamo jina la baba yake lilitajwa kama ugonjwa. Alifika na ngazi yake fupi na kopo la rangi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

Kwa siku tatu hawakusema zaidi ya hapo. Siku ya nne, akiwa anachora herufi Z bila kugeuka, akauliza, "Hivi kweli ulisahau kujaza tangi?"

"Sikusahau. Nilijaza saa moja asubuhi. Maji yote yaliishia kwenye nyasi zake. Kengele ilipolia, tangi lilikuwa limekauka."

"Mama mdogo aliniambia utasema hivyohivyo."

"Basi mama yako mdogo anajua kweli, ila haipendi."

Brashi akachovya brashi, akaendelea na herufi I.

Alhamisi walijaza tangi kwa mara ya kwanza. Lita elfu mbili, na hakuna hata tone lililovuja. Honi alijivuta chini ya gari akiwa amelala chali kwenye zege, akapapasa kila kiungo, akatoka na vumbi mgongoni na kicheko alichokuwa amekisahau. Akaenda kunawa.

Saa saba na dakika arobaini mchana gari lilijiwasha. Gia ya kwanza iliingia, klachi ikajikanyaga mara mbili, ya pili nayo ikaingia. Brashi alikuwa amesimama kwenye kibao cha nyuma akimalizia mstari, kwa hiyo akaondoka nalo. Mlinzi wa geti aliinua kizuizi, akaandika kwenye daftari: Limetoka 7:40. Dereva: hakuna. Baadaye akafuta "hakuna", akaandika "hayupo", maana ndivyo fomu ilivyotaka.

Gari liliendeshwa vizuri. Lilisimama kwenye taa nyekundu, likampisha mama aliyekuwa anavuka na kapu, likaingia uani kwa Kamanda kupitia geti lililokuwa wazi. Mpira ukajikunjua, koki ikafunguka, na maji yakaanza kunyesha juu ya nyasi, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Saa nane kasoro dakika tano, kengele ya shaba ilianza kulia yenyewe. Brashi aliangalia kipimo cha tangi. Sindano ilikuwa kwenye robo. Maji hayakukatika. Mdomo wa mpira uligeuka upande wa mawaridi yaliyopandwa ukutani, ukayanywesha moja baada ya jingine kwa dakika nne, mpaka sindano ikalala. Ndipo gari lilipokunja mpira na kutoka mbio, kengele ikipiga, kwenda kilipokuwa kiwanda.

Kiwanda sasa kilikuwa maegesho ya magari. Ghorofa ya chini ilisafishwa na kuchorwa mistari, za juu ziliachwa na masizi yake. Gari lilisimama mbele ya ukuta. Madirishani, nyuma ya nondo, walikuwa wamesimama wanawake kumi na saba wenye makoti ya bluu na futi za kitambaa shingoni, na moshi ukiwatoka mabegani. Mpira ukafunguka, ukakohoa. Matone mawili yakadondoka kwenye lami. Wanawake waliyatazama. Saa nane na dakika ishirini hawakuwepo tena. Mwangalizi wa maegesho alimwomba Brashi gari lisogezwe kidogo, kuna mteja anataka kutoka.

Honi alipoambiwa, gari likiwa limeshajirudisha kituoni, hakuuliza maswali mengi. Aliuliza kama pampu ilitoa sauti yoyote mbaya.

"Haikutoa," Brashi alisema. "Baba, ulisema kengele ililia tangi limekauka."

"Kesho nitalipanda mimi. Nitalizuia nyasini."

Kesho yake alijaza tangi na kukaa kwenye usukani tangu saa saba. Brashi alikaa pembeni yake. Saa saba na dakika arobaini gari liliwaka, na mikono ya Honi ikaanza kufanya kazi yake ya zamani. Alijaribu kuugeuza usukani kuelekea kiwandani. Mikono ikaugeuza kuelekea kwa Kamanda. Alishuka, akapiga saluti, akakunjua mpira, akafungua koki. Jasho lilimtiririka usoni, lakini mikono ilikuwa mikavu na yenye utulivu, mikono ya mtu wa miaka thelathini na kitu.

Kamanda alikuwa barazani anakula. Kengele ilipolia, aliinua uso kwenye sahani, na mdomo wake ukasema, "Malizia na maua."

"Ndiyo, afande," Honi akasema.

Kamanda alifuta midomo kwa kitambaa na kuomba aongezewe mchuzi.

Brashi alihesabu zile dakika nne kwa saa yake ya mkononi. Baba yake aliyanywesha mawaridi kwa uangalifu, akitia kidole gumba mdomoni mwa mpira ili maji yasiyavunje. Hata la mwisho, lililokuwa limejificha nyuma ya chungu cha maua, hakuliruka.

Kiwandani mke wake alikuwa dirisha la tatu. Aliushika ule wavu wa nondo kwa mikono miwili. "Mume wangu, washa maji," alisema, bila kelele, kama mtu anayeomba chumvi. Mpira ukakohoa.

Walirudi kituoni. Honi alizima injini na kubaki ameshika usukani.

"Hukuniambia habari ya maua," Brashi alisema.

"Sikumwambia mtu."

"Kulikuwa na robo tangi, Baba. Lita mia tano."

"Mia tano na kidogo."

"Zingetosha kuuzima moto mlangoni?"

Honi alifikiri kama fundi. "Mlango na ngazi," alisema. "Ndiyo. Zingetosha."

"Kwa nini hukusema mahakamani?"

"Ningetaja amri yake ya maua, ningejitaja na mimi niliyeitii kengele ikilia. Nikaona bora nibaki na nusu iliyo safi." Alivua kofia, akaitazama ndani. "Nilidhani ni jaa linaungua. Mara nyingi ilikuwa jaa."

Brashi hakulia. Alishuka, akafunga makopo yake ya rangi moja baada ya jingine, akibana vifuniko kwa kisigino cha mkono. Usiku huohuo aliandika barua kwa halmashauri, kurasa tatu kwa mwandiko mzuri, akaeleza yote, la Kamanda na la baba yake.

Ikaundwa kamati ya watu watano. Walikuja siku tatu mfululizo, wakawekewa viti vya plastiki na mwavuli kwenye bustani ya Kamanda, na maji ya kunywa. Siku zote tatu gari lilifika kwa wakati. Siku zote tatu Kamanda alisema "Malizia na maua" mbele yao, na katibu akaandika maneno hayo na saa yaliposemwa. Halafu walipelekwa kiwandani kwa basi dogo. Mjumbe mmoja aliwahesabu wanawake kwa kalamu, akapata kumi na saba, akaweka alama ya vema.

Ripoti ilikuwa fupi. Ilisema gari limekarabatiwa kwa kiwango cha juu na Kamanda anastahili pongezi kwa kuhifadhi urithi wa kikosi. Kuhusu shauri la zamani, ilisema muda wa kukata rufaa ulikuwa siku thelathini, nao ulipita. Kuhusu maneno yaliyosikika bustanini, ilisema yametamkwa mwaka huu na kwa hiyo hayahusiani na tukio la mwaka ule. Ilipendekeza dereva aendelee kuwepo, kwa kuwa gari linakwenda vizuri zaidi likiwa na mtu, na ikamkumbusha kwa herufi nzito kwamba kujaza tangi ni jukumu lake.

Maandamano ya miaka mia yalifanyika asubuhi ili yasigongane na ratiba. Kamanda alivishwa nishani. Nyasi zake zilikuwa za kijani kuliko nyasi za mtaa mzima, na watu walianza kuja kupigia picha za harusi pale ukutani, kwenye mawaridi.

Halmashauri ikataka bango la kuwaelekeza watazamaji, na Brashi ndiye aliyepewa kazi. Mama yake mdogo alimwambia akatae. Brashi alisema wakimpa mwingine ataandika herufi zilizopinda, na yeye atapita hapo kila siku akiziona. Akaandika kwa rangi nyeupe juu ya nyekundu: Saa 7:40, gari hutoka. Saa 7:55, kengele. Saa 8:04, gari huwasili. Saa 8:20, mwisho. Tafadhali usiegeshe mbele ya dirisha la tatu.

Ijumaa moja alifika kiwandani mapema na dumu la maji la lita ishirini, kikombe, na ngazi ndefu aliyoazimwa na mwangalizi wa maegesho. Aliegemeza ngazi ukutani. Saa nane na dakika sita alikuwa juu, uso kwa uso na mama yake, nondo katikati. Mama yake alikuwa na miaka ishirini na saba. Yeye alikuwa na ishirini na minane.

"Dada, Mungu akubariki," mama yake alisema alipoliona dumu. Alipokea maji kwa kikombe kupitia nondo, akawapa wa nyuma yake, akapokea tena, akawapa. Kikombe kilizunguka. Hakuna aliyegombania. Maji yalipoisha, moshi ulikuwa palepale mabegani mwao.

"Hayatoshi," Brashi alisema.

"Yametusaidia makoo." Mama yake alimtazama vizuri kidogo, kama anayejaribu kukumbuka mteja. "Unaishi huku? Nina mtoto shule ile ya juu, darasa la kwanza. Anatoka saa tisa, na hajui kuvuka barabara. Ukipita, mwambie asubiri ndani ya geti."

"Nitamwambia."

"Na yule dereva chini ni mume wangu. Huwa hachelewi. Leo kumetokea nini, unajua?"

Brashi alitazama chini. Baba yake alikuwa ameshika mpira uliokauka, ameinua uso.

"Foleni, dada," Brashi alisema.

"Nilijua tu." Mama yake alipumua. Uso wake ukalegea, akawageukia wenzake. "Jamani, ni foleni. Anakuja."

Saa nane na dakika ishirini dirisha likabaki tupu. Brashi akashuka ngazi kwa uangalifu, dumu likimgonga gotini.

"Ameniulizia?" Honi aliuliza.

"Hapana," Brashi alisema.

Honi aliitikia kwa kichwa, akaanza kukunja mpira. Brashi alirudisha ngazi kwa mwenyewe, akamshukuru, akaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya shule, kwa kuwa ilikuwa inakaribia saa tisa.