Kilo Tatu Pungufu

Pale klabuni walimwita Ukuta. Vijana waliomzoea akiwa kimya kwenye chumba chake cha kufunga nyuzi za raketi walidhani ni kwa sababu hapendi maneno. Wazee ndio waliojua. Zamani hizo, mpira wowote uliovuka wavu kwenda upande wake ulirudi, ukarudi tena, ukarudi hata mara ishirini, mpaka mpinzani akachoka mwenyewe na kuupiga nje. Miaka tisa mfululizo alikuwa bingwa wa wanawake wa nchi nzima. Alicheza kwa raketi ya mbao iliyopinda kila ikinyeshewa, akifanya mazoezi saa ya chakula cha mchana, maana asubuhi na alasiri alikuwa kwenye kiti chake posta akipokea simu za watu.

Sasa mwenye jina alikuwa binti wa mdogo wake wa kiume. Binti huyo alicheza ng'ambo kwa mshahara wa tenisi tupu. Alikuwa na kocha wake, daktari wake na mtu wa kumkanda misuli, na picha yake ilibandikwa ukuta mzima pale langoni. Picha ya shangazi yake ilikuwepo pia, ndogo, ndani kwenye korido ya vyoo, na kioo chake kilikuwa na ufa.

Wiki ile binti alikuja nyumbani kwa mashindano ya klabu, na barazani hapakuwa na mazungumzo mengine. Karani mmoja mstaafu alishikilia kwamba wa leo wamebebwa na vifaa.

"Wape raketi za mbao uone," alisema. "Mpira hautafika hata kwenye wavu."

Daktari wa meno, kijana bado, akacheka. "Mzee, wale walikuwa wanabembelezana. Mpira unapanda juu, unashuka taratibu, mtu anapata nafasi ya kufunga kamba za viatu. Wakikutana na wa leo wanakula sita bila, na sita bila tena."

Dirisha la Ukuta lilitazama baraza. Aliyasikia yote, mkono wake ukiendelea kupitisha uzi kwenye matundu. Maneno ya barazani alikuwa ameyazoea. Lililomchoma lilitoka redioni jioni ileile. Mtangazaji alimuuliza binti: je, angekutana na shangazi yake enzi zake, ingekuwaje?

Binti alicheka, kicheko cha mtu anayempenda anayemsema. "Shangazi? Mimi nampenda sana, lakini asingeuona mpira."

Mtangazaji naye akacheka. Ukuta alizima redio, akaiweka kabatini na kufunga mlango wa kabati, kama vile ingeweza kusema tena.

Kesho yake binti alikuja chumbani na raketi sita mabegani. Alimwamkia kwa kumbusu mkono, akakaa juu ya meza kama alivyokuwa akifanya tangu utoto.

"Zote mkazo wa kilo ishirini na tano, Shangazi. Huko ng'ambo wana mashine za kompyuta, lakini hakuna anayezikaza kama wewe."

"Na mkono?"

Binti alikunja na kukunjua kifundo cha mkono wa kulia. Kovu lilikuwa bado jekundu. Mwaka uliopita alivunjika mfupa, akapasuliwa, akakaa miezi minane bila kugusa mpira. "Umepona. Daktari anasema umepona. Ila moyo wangu bado unausikiliza."

Alipoondoka, Ukuta alianza kazi. Alizikaza raketi tano kwa kilo ishirini na tano kamili. Ya sita ilikuwa na utepe mwekundu kwenye mpini, na kila aliyemjua binti alijua kwamba ndiyo anayoanza nayo mchezo. Ukuta aliishika muda mrefu. Aliwaza korido ya vyoo. Aliwaza fainali yake ya mwisho, aliyoicheza kidole kikiwa kimevunjika na kufungwa kitambaa cha leso, maana nani angempa daktari? Aliwaza mdogo wake, ambaye hakuwahi kushinda mechi hata moja maishani, leo anatembea mjini kifua mbele anaitwa Baba Bingwa. Moyo wa mtu ni msitu. Mkono wake ulikwenda kwenye mashine, ukageuza swichi ya mkazo kutoka ishirini na tano hadi ishirini na mbili. Kilo tatu tu. Kwa jicho hazionekani, lakini uzi uliolegea huurusha mpira mbali kuliko mpigaji alivyokusudia.

Jumamosi alasiri viti vyote vilijaa. Binti alicheza na mgeni mmoja mrefu, hodari lakini si wa kumtisha. Mpira wa kwanza wa binti ulitoka nje kwa shubiri moja. Wa pili nao ukatoka. Watu waliguna. Aliitazama raketi mara moja, akagonga nyuzi kwa kiganja, kisha akaacha kuitazama. Alichotazama ni kifundo chake cha mkono. Ukuta, aliyekaa safu ya nyuma, alimwelewa kana kwamba amesema kwa sauti: raketi imefungwa na Shangazi, basi kosa haliwezi kuwa la raketi.

Seti ya kwanza ilikwenda kwa mgeni, sita kwa tatu. Ya pili binti alibadilisha raketi, akachukua mojawapo ya zile nzima, lakini hofu ilikwisha kuingia. Hakurusha mkono tena. Aliusukuma mpira kwa woga, ukaishia wavuni. Sita kwa nne. Alimpa mgeni mkono na kuondoka kichwa chini, mkono wa kulia ameukumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Leo hata Ukuta wa zamani angemfunga," alisema karani mstaafu, na waliokuwa karibu wakaitikia.

Ukuta aliyasikia, na yalikuwa matamu. Lazima isemwe: yalikuwa matamu kama asali. Utamu huo ulimsindikiza mpaka kwenye ngazi za kutokea. Pale chini alimkuta mdogo wake amesimama peke yake ameshika begi la binti yake, watu wakimpita bila kumsalimu, na utamu ukageuka nyongo.

Siku mbili baadaye mdogo wake alibisha hodi kwake. Alikuwa hajanyoa ndevu.

"Dada, amejitoa kwenye mashindano ya wiki ijayo. Anasema mfupa umerudi kuvunjika. Anataka apasuliwe tena, na kama haiwezekani, aache. Hali, halali. Nenda kaongee naye. Wewe ndiye anayekusikia."

Alikwenda. Njiani alitunga maneno ya kumtia moyo, moja baada ya jingine, yote mazuri, yote ya uongo. Alimkuta binti jikoni, mkono ameutumbukiza kwenye beseni la barafu.

"Shangazi," alisema bila kuinua macho, "wewe ulijuaje kwamba mkono wako umekwisha?"

Maneno yote aliyotunga yalimkimbia. Akavuta kiti, akakaa.

"Mkono wako ni mzima. Ile raketi ya utepe mwekundu niliilegeza."

"Uliilegeza vipi?"

"Ishirini na mbili. Kwa makusudi."

Binti alitoa mkono kwenye maji. Akaukunja, akaukunjua, akaubonyeza pale penye kovu, akaubonyeza tena kwa nguvu zaidi. Machozi yakamtoka, na shangazi mtu aliona kwamba ni ya furaha kwanza. Kisha uso ukabadilika.

"Kwa nini?"

"Ulisema redioni nisingeuona mpira wako."

"Lakini ni kweli usingeuona."

"Najua," alisema Ukuta. "Ungekuwa uongo, nisingeumia."

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia kila kitu. Hakufoka. Alisogea tu pembeni ya mlango ili dada yake apite, na Ukuta akapita.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau mtu anaweza kusema nani aliyeyamwaga. Ukuta alikwenda moja kwa moja barazani, ambako bado walikuwa wakimchambua binti, na kuwaeleza alichofanya, yeye amesimama na wao wamekaa. Hakuna aliyemtukana. Wiki ile watu walikuja mmoja mmoja kuchukua raketi zao, wakisema wana haraka.

Binti hakupasuliwa. Alirudi ng'ambo, akacheza, akashinda mbili na kufungwa ya tatu. Ukuta aliyafuata matokeo redioni. Alipofungwa ile ya tatu, alishangaa kujikuta amekasirika.

Miezi minne ikapita, akiwa hana wa kumfungia nyuzi isipokuwa watoto wa shule. Siku moja mlango ulifunguliwa bila hodi. Binti aliweka raketi sita mezani, na kando yake kifaa kidogo cha kupimia mkazo, kipya kabisa.

"Kaza nikiangalia," alisema. Hakuamkia.

Ukuta alikaza. Kila alipomaliza moja, binti aliichukua, akaipima, akaiweka chini. Alasiri ilikwisha hivyo. Kwenye ya nne binti aliuliza, "Ile ya mbao ilikuwa na uzito gani?"

"Ilinichosha bega. Mpaka leo linaniuma kukiwa na baridi."

"Na kweli uliurudisha mpira mara ishirini?"

"Mara thelathini na moja, siku moja. Nilihesabu."

Binti alimtazama bega. Ukuta naye aliutazama ule mkono wenye kovu, mwembamba, wenye nguvu, wenye miaka mingi mbele yake, na wivu ukamjia tena, uleule, kana kwamba haukuwahi kutoka. Akauacha ukae. Akasoma namba kwenye mashine mara mbili, akavuta uzi.

Binti alipima ya sita. "Ishirini na tano," alisema, akazitia zote begini. Mlangoni akasimama. "Nacheza hapa Jumamosi. Baba atakaa safu ya mbele."

"Bado hasemi na mimi."

"Basi mtakaa kimya wote wawili. Kiti chako nitakishikia."