Mfungo wa Fanny

Jumapili, tarehe 27 Januari 2019, saa saba mchana, Fanny alipita mbele ya meza ya chakula katika ukumbi wa kanisa huko Garland, Texas, bila kuchukua sahani. Siku hiyo kanisa lilikuwa limemaliza mfungo wa mwaka mpya wa siku ishirini na moja. Wanawake walikuwa wamepika tangu asubuhi: bugali, sombe ya majani ya muhogo, wali, dagaa wa ndakala wa kukaanga. Watu walikula wamesimama kwa sababu viti havikutosha. Fanny, msichana wa miaka kumi na mitano, aliketi karibu na dirisha na Biblia mapajani.

Mama yake, Bibiche, aliliona hilo. Mchungaji Absalom naye aliliona, akashika kipaza sauti. Alisema kwamba wakubwa wote wamekimbilia sufuria, lakini yuko mtoto mmoja ambaye bado ana maneno na Mungu. Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Absalom akamwita mbele, Fanny akapiga magoti, na Bibiche akampiga picha kutoka nyuma. Picha hiyo aliiweka Facebook na katika kundi la WhatsApp la kanisa, na chini yake akaandika: "Mungu ameinua shujaa wa maombi."

Bibiche na mumewe Florent walitoka Uvira. Waliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Tanzania, ambako Fanny alizaliwa, na walifika Texas mwaka 2014. Njaa waliijua vizuri. Njaa ilikuwa mgao uliopunguzwa, au lori la unga lililokwama njiani. Sikuzote ilikuja kutoka nje ya nyumba. Mtoto anayekataa chakula wakati friji imejaa hakuwamo katika magonjwa waliyoyajua. Florent alifanya kazi katika kiwanda cha madirisha kuanzia alfajiri, na jioni alilala mapema. Bibiche alipakia mizigo ghalani kuanzia alasiri hadi karibu usiku wa manane. Familia ilikaa meza moja siku ya Jumapili tu.

Februari, Fanny alisema ataendelea kufunga Jumatano na Ijumaa. Machi ikawa kila siku hadi jioni, na jioni mama yake hakuwa nyumbani. Bibiche alipouliza, alijibiwa "I'm fine, Mama," na mlango ukafungwa. Fanny mwenyewe ndiye aliyewapakulia wadogo zake na kuosha vyombo vyote, hivyo haikuwezekana kujua ni sahani ipi haikutumika.

Wakati huo huo maombi ya watu yalianza kuingia kupitia ile picha. Yalitoka Uvira, kambini, Kentucky: mwanamke asiyepata mtoto, mguu usiopona, hati ya kusafiri iliyokwama. Bibiche alimsomea binti yake yote. Mama mmoja wa kanisa lao, Scholastique, ambaye mumewe alibaki kambini na faili lake la kuhamia Marekani lilikuwa halijasogea tangu 2017, alikuja nyumbani mwenyewe. Alimwekea Fanny mkono kichwani.

"Mutoto wangu, wewe Mungu anakusikia," alisema. "Usifungue mfungo mpaka bwana yangu afike."

Bibiche alikuwa amesimama pembeni. Alisema amina.

Mtu wa kwanza kusema kwamba kuna tatizo alikuwa Kudra, muuguzi kutoka Tanga aliyeishi ghorofa ya juu katika jengo lao. Ilikuwa katikati ya Mei, mwezi wa Ramadhani. Alikutana kwenye ngazi na Fanny, aliyevaa koti zito katika joto la Texas. Alimshika mkono kumsalimu, na vidole vilikuwa vya baridi na kucha za samawati. Jioni hiyo, Bibiche akiwa hana zamu, Kudra alibisha hodi.

Bibiche alimsikiliza, kisha akamtania. "Dada Kudra, ninyi munafunga mwezi mumoja tu, na usiku munakula mpaka munanenepa. Huyu wangu anafunga ya kweli."

Kudra alicheka, kwa adabu. Halafu akasema, "Mama Fanny, mimi leo nimefunga. Aliyefunga namjua, anaitazama saa, anaingojea magharibi. Mwanao hangoji kitu. Mpeleke hospitali."

Bibiche alimshukuru na kumsindikiza hadi mlangoni. Hakumpeleka Fanny hospitali. Alimwambia Florent kwamba Waislamu hawaelewi mambo haya.

Jumanne tarehe 21 Mei, Fanny alianguka kwenye korido ya shule. Katika hospitali ya Dallas daktari aliuliza, kupitia mkalimani wa simu, mtoto alikula nini jana. Bibiche hakujua. Na juzi? Hakujua. Daktari alieleza kwamba mwili ukikosa chakula muda mrefu hujila wenyewe, na moyo ni nyama kama nyama nyingine. Moyo wa Fanny ulikuwa unapiga polepole mno. Mkalimani, Mkenya, hakupata jina la ugonjwa kwa Kiswahili. Alisema ni ugonjwa wa kujinyima chakula na kukiogopa. Bibiche alimwomba arudie. Kisha akasema kwamba hayo ni maombi tu.

Florent aliuliza swali moja. "Njaa tuliiacha kambini. Hii imetoka wapi?"

Mkalimani alitafsiri. Daktari alisema itachukua muda kujibu hilo.

Hospitali hiyo haikuwa na wodi ya ugonjwa wa aina hii. Baada ya siku kadhaa kitanda kilipatikana Houston, na Jumamosi tarehe 1 Juni Fanny alisafirishwa kwa gari la wagonjwa. Sheria ya gari hilo haikuruhusu mzazi kupanda. Florent alibaki na watoto wadogo. Bibiche hakuwa na leseni, kwa hiyo Kudra ndiye aliyemwendesha kusini, kinywa chake kikiwa kikavu kwa saumu.

Mfuko wa nguo za Fanny ulikuwa mapajani mwa Bibiche, na ndani yake simu iliwaka na kuzimika, ikawaka tena. Walipotia mafuta Huntsville, Bibiche aliifungua. Namba ya siri ilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wa mwisho wa Fanny. Kiingereza chake hakikutosha, akampa Kudra asome.

Kulikuwa na ukurasa wa picha ambao Fanny aliuendesha kwa jina lisilo lake, wenye picha zisizo na uso. Waliouandikia walikuwa wasichana wa Ohio, Uingereza, Kanada. Kudra alitafsiri maneno yao. Walimuuliza yuko wapi. Mmoja alisema asikate tamaa, yeye ndiye anayewapa wengine nguvu. Walimsifu kwa kile kile alichosifiwa kanisani, ila wao walikitaja kwa jina lake, kujikondesha. Picha iliyosifiwa kuliko zote ilionyesha mabega na mgongo wa mtu aliyepiga magoti, kichwa kimekatwa. Bibiche alilitambua zulia la ukumbi wa kanisa.

"Hiyo picha ni mimi nilimupiga," alisema.

Kudra alimrudishia simu.

Kabla hawajafika Houston, Bibiche aliifuta picha hiyo kwenye ukurasa wake mwenyewe wa Facebook. Ilikuwa imekwisha kusambazwa na watu asiowajua. Akatuma ujumbe wa sauti katika kundi la kanisa, akiwaomba wasimwombe tena mtoto wake jambo lolote, kwa sababu ni mgonjwa na amelazwa.

Jioni hiyo Fanny alikunywa nusu kikombe cha maziwa mazito. Alichukua muda mrefu, na muuguzi alikaa naye hadi mwisho. Bibiche alimpigia Florent simu akamweleza kila funda.

Jumapili asubuhi Mchungaji Absalom alitangaza siku tatu za kufunga kwa ajili ya uponyaji wa Fanny. Karibu kanisa zima likasimama, Scholastique akiwa wa kwanza. Simu hazikuruhusiwa wodini, lakini mzazi aliruhusiwa kupiga simu ya ofisi mara moja kwa siku. Florent alipiga mchana. Alitaka kumpa binti yake moyo, akamwambia kwamba kanisa lote linafunga kwa ajili yake.

Sinia ya jioni ilirudi kama ilivyokuja. Ya Jumatatu asubuhi pia. Bibiche aliomba, akabembeleza, akatishia, akalia. Fanny alimjibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

"Wote wanafunga juu yangu, Mama. Mimi nikule namna gani?"

Bibiche alitoka nje hadi kwenye maegesho ya magari, akampigia Absalom. Alimsihi awaambie watu waanze kula. Absalom alisema kwamba mfungo ulioanza haukatizwi katikati, kwamba Jumanne jioni si mbali, na kwamba asiruhusu daktari amlazimishe mtoto kabla Mungu hajajibu.

"Pasta," Bibiche alisema, "mutoto anakufa na njaa, na ninyi munafunga. Mukule. Mupige picha za sahani zenu, munitumie, nimuonyeshe."

Absalom alimwambia atulie, atamwombea na yeye.

Bibiche aliandika ombi hilo hilo katika kundi. Majibu yalikuwa mistari ya Biblia na alama za mikono ya maombi. Scholastique alituma sauti akisema kwamba hatakula, ameahidi, naye anamdai Mungu mambo mawili sasa. Hadi usiku ilikuwa imefika picha moja ya chakula: Florent na watoto wadogo, kila mmoja ameinua tonge la bugali. Kwa idhini ya muuguzi Bibiche alimwonyesha Fanny. Fanny aliitazama kwa muda, akairudisha simu.

Usiku huo mapigo ya moyo yalishuka zaidi. Jumanne tarehe 4 Juni, mchana, daktari alisema hawawezi kungoja tena. Mpira utapitishwa puani hadi tumboni, na mzazi lazima akubali. Safari hii mkalimani hakuhitajika. Bibiche alikuwa ameelewa kabla daktari hajamaliza.

"Mama, usikubali," Fanny alisema. "Bwana ya Mama Scholastique hajafika."

Bibiche alikubali.

Wauguzi wawili walimshika Fanny mabega. Bibiche aliombwa amshike mikono, akaishika. Jaribio la kwanza lilishindikana kwa sababu Fanny alitikisa kichwa. La pili lilifaulu. Saa tisa na robo alasiri mashine iliwashwa, na maziwa yakaanza kushuka ndani ya mpira. Fanny aliitoa mikono yake katika mikono ya mama yake, akageuza uso ukutani.